Mnara, Gati na Vichochoro: Jinsi Genova Ilivyokuja Kuwa Mji wa Kutembelewa

Neno hamali tunalo sisi, na Wagenova wanalo pia. Kwetu pwani hamali ni yule anayebeba gunia kutoka jahazini hadi ghalani. Kwao mtu huyo huyo, mwenye mgongo ule ule, huitwa camallo. Maneno haya mawili yana mama mmoja, Kiarabu, na yalisafiri na mizigo: moja likashuka na pepo za kusi na kaskazi, jingine likavuka bahari ya Mediterania hadi pwani ya Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia.

Nimeanza na hamali kwa sababu bila yeye vivutio vya Genova havielewiki. Leo wageni huja kutazama mnara wa taa, kanisa kuu lenye mistari myeusi na myeupe, majumba ya fahari, samaki wa baharini ndani ya vioo na makaburi yenye sanamu za marumaru. Lakini karibu kila kimoja kati ya hivyo kilianza kama kitendea kazi, au kilizaliwa na deni, au na vita, au na hofu. Historia ya vivutio hivyo ni historia ya bandari iliyofanya kazi miaka elfu moja, na ya watu wake waliochelewa sana kuona kwamba nyayo za kazi hiyo nazo ni mali.

Bahari mbele, mlima mgongoni: hadi 1118

Milima ya Apenini hushuka Genova mpaka karibu kugusa maji. Hakuna tambarare ya kulima ngano ya kulisha mji, wala mto mkubwa wa kupandisha mizigo bara. Wakazi wa zamani walibakiwa na njia moja, nayo ni bahari.

Na bahari iliwaumiza kabla ya kuwalisha. Mwaka 935 merikebu za Wafatimi kutoka Afrika Kaskazini ziliuvamia mji, zikaupora na kuondoka na mateka. Funzo lilikaa: mji wa pwani usio na merikebu za vita ni mlango usio na komeo. Wagenova wakajenga merikebu. Mwaka 1087, wakishirikiana na watu wa Pisa, wakaishambulia Mahdia katika Tunisia ya leo. Miaka michache baadaye Vita vya Msalaba vikawapa biashara nono ya kusafirisha wapiganaji, vyakula na mbao za kuzingira ngome.

Mwaka 1101 walishiriki kuiteka Kaisaria, pwani ya Palestina, na katika nyara zao wakarudi na bakuli la kijani lenye pembe sita. Liliaminiwa kuwa limechongwa kutoka zumaridi moja, na wengi wakasadiki ndilo lililotumika katika Karamu ya Mwisho ya Yesu. Karne saba baadaye Napoleon alilichukua hadi Paris. Liliporudi lilikuwa limevunjika, na ikadhihirika kuwa ni kioo. Leo limo katika hazina ya Kanisa Kuu la San Lorenzo, na bado watu husimama mbele yake kimya. Kwa mji wa wafanyabiashara, bakuli hilo lilifanya kazi kama dhamana: kwa miaka mingi lilitosha kuaminiwa.

Kanisa lenyewe liliwekwa wakfu na Papa Gelasius II mwaka 1118, likaendelea kujengwa kwa vizazi. Mji haukuwa na uwanja mkubwa wa serikali, hivyo kanisa hili likawa mahali pa kukutania, kuapia mikataba na kutunzia vitu vya thamani. Tangu mwanzo ibada na hesabu vilikaa chumba kimoja.

Taa, ukuta na kifungo: 1128–1298

Mji ulipoanza kuwa na mali, ulihitaji mambo mawili: merikebu zake zirudi salama, na adui asiingie.

La kwanza lilijibiwa na mnara wa taa, Lanterna, ambao kwa mapokeo ulisimamishwa mwaka 1128 juu ya mwamba wa magharibi mwa bandari. Hapo mwanzo walinzi waliwasha moto wa vichaka vikavu. Mwaka 1326 ikaingia taa ya mafuta ya zeituni. La pili lilijibiwa na ukuta. Mfalme Frederick Barbarossa wa Ujerumani alipoanza kuibana miji ya kaskazini mwa Italia, Wagenova walijenga ukuta mpya kuanzia 1155. Lango lake kuu, Porta Soprana, lenye minara miwili, lipo hadi leo, na magari hupita karibu nalo.

Ndani ya ukuta huo ndimo vilimobana vichochoro ambavyo wenyeji huviita caruggi. Ardhi ilikuwa haba, nyumba zikapanda juu, njia zikabaki nyembamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono sehemu nyingine hugusa kuta zote mbili. Jua hupita humo saa chache. Anayejua vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hatapotea moyo, ingawa njia atapotea. Mbele, kando ya gati, kuliwekwa baraza refu lenye matao, Sottoripa, ambapo bidhaa zilishuka na kuuzwa papo hapo. Maji ya bandari yalifika karibu na matao yenyewe. Leo yamerudi nyuma, lakini chini ya matao hayo bado kuna vioski vya samaki wa kukaanga, na sinia za shaba za farinata, mkate mwembamba wa unga wa dengu na mafuta ya zeituni, uliookwa kwa moto wa kuni. Kilikuwa chakula cha watu wa gatini: cha bei nafuu, cha moto, cha kuliwa umesimama.

Familia kubwa zilijenga minara yao, kwa ulinzi na kwa kuonyeshana. Ugomvi ulipozidi, mwaka 1296 serikali iliamuru minara ipunguzwe. Mmoja tu uliachwa na kimo chake chote, wa ukoo wa Embriaci, kwa heshima ya Guglielmo Embriaco aliyepigana Vita vya Msalaba. Hivyo mnara huo unaopigwa picha leo ni kumbukumbu ya sheria kama ulivyo kumbukumbu ya shujaa.

Ushindani na miji mingine ukawa vita. Mwaka 1284, katika mapigano ya Meloria, Genova iliivunja nguvu Pisa. Mwaka 1290 iliharibu bandari ya Pisa, ikakata mnyororo mkubwa wa chuma uliokuwa ukiziba mlango wake na kutundika vipande vyake kwenye malango ya Genova, ili kila anayeingia sokoni apite chini ya aibu ya jirani. Vilining'inia hapo hadi 1860, Italia ilipoungana na ndugu wakarudishiana.

Mwaka 1298 ilikuwa zamu ya Venezia. Lamba Doria alishinda karibu na kisiwa cha Curzola, na mateka wakajaa Genova. Kwenye uso wa kanisa dogo la San Matteo, kanisa la ukoo wa Doria, ushindi huo umechongwa kwa maandishi juu ya mawe yenye mistari, kama mtu aandikavyo daftari la mapato.

Miongoni mwa wafungwa wa Kivenezia wa miaka hiyo alikuwemo Marco Polo. Kwa mapokeo, alizuiliwa katika Palazzo San Giorgio, jumba ambalo kiongozi wa mji Guglielmo Boccanegra alilijenga mwaka 1260 mbele ya gati. Huko kifungoni alimsimulia mwenzake, Rustichello wa Pisa, safari zake za Asia, naye akaziandika. Ndani ya kitabu hicho limo jina la Zanghibar, linaloelezwa kama kisiwa kikubwa mno chenye ndovu wengi. Marco Polo hakufika kwetu. Alisimulia aliyoyasikia kwa mabaharia. Lakini ndivyo wasomaji wengi wa Ulaya walivyokutana na jina la pwani hii: kutoka chumba cha wafungwa katika bandari ya Genova.

Deni lililozaa benki: 1339–1528

Ushindi haukuleta utulivu. Koo zilizozaa manahodha zilizaa pia uhasama, na mwaka 1339 mji ulimchagua doge wake wa kwanza, yaani mkuu wa jamhuri, Simone Boccanegra, kwa matumaini ya kuzituliza. Vita na Venezia viliendelea hadi amani ya 1381, vikamalizika Genova ikiwa imeelemewa na madeni.

Hapo ndipo penye kona ya historia yake. Mwaka 1407 waliokuwa wakiidai serikali waliunganishwa katika taasisi moja, Casa di San Giorgio, ikakaa katika lile jumba la gatini. Serikali iliwapa haki ya kukusanya ushuru wa forodha na kodi nyingine, wao wakagawana mapato kulingana na hisa zao. Taratibu taasisi ikawa na nguvu kuliko aliyekopa. Kuna nyakati ilikabidhiwa hata kutawala kisiwa cha Corsica na vituo vya Bahari Nyeusi. Ilidumu hadi 1805. Anayeingia leo katika jumba hilo, ambalo sasa ni makao ya mamlaka ya bandari, hukuta sanamu za waliotoa mali zao kupitia San Giorgio. Mji mwingine ungeweka mashujaa wa vita. Genova iliweka wakopeshaji na wafadhili.

Mwaka 1451 Cristoforo Colombo alizaliwa katika mji huu, mtoto wa mfuma sufu. Miaka miwili baadaye Waturuki waliiteka Constantinople, na mwaka 1475 wakaitwaa Caffa, kituo kikuu cha Wagenova katika Bahari Nyeusi. Mlango wa mashariki ukafungwa. Fedha na vijana wa Genova wakageukia magharibi, Ureno na Hispania, na Colombo alikuwa mmoja wao. Mwaka 1502, tayari akiwa maarufu, aliiandikia San Giorgio barua akiahidi kuwatengea watu wa mji wake sehemu ya kumi ya mapato yake. Alivuka bahari kwa bendera ya Hispania, lakini aliendelea kuhesabu kama Mgenova.

Mji wenyewe ulikuwa ukipita mikononi mwa wageni. Mwaka 1507 Wafaransa walijenga ngome miguuni mwa Lanterna ili kuushika koo. Wagenova walipojitwalia mji tena waliipiga ngome hiyo kwa mizinga, na mwaka 1514 mnara wao wenyewe ukapoteza nusu yake ya juu. Kwa takriban miaka 30 Genova ilikuwa na kisiki cha taa.

Barabara ya wakopeshaji: 1528–1684

Mwaka 1528 amiri Andrea Doria aliiacha Ufaransa, akahamia upande wa Mfalme Charles V wa Hispania, na kwa makubaliano hayo akaurudishia mji uhuru wake. Katiba mpya iliweka utawala mikononi mwa koo tajiri. Mwaka 1543 mnara wa taa ulijengwa upya katika umbo tunaloliona sasa, wenye urefu wa karibu mita 77, na ukiongeza mwamba ulioubeba, taa yake iko takriban mita 117 juu ya bahari.

Urafiki na Hispania ulikuwa na bei na faida. Fedha ya Amerika ilipofika Seville, sehemu kubwa ilikuwa tayari imeahidiwa kwa wakopeshaji wa Genova, waliokuwa wakimkopesha mfalme kabla merikebu hazijatia nanga. Faida hiyo ilitaka nyumba. Kuanzia 1551 mji ulifungua barabara mpya, Strada Nuova, ambayo sasa inaitwa Via Garibaldi. Ni fupi na si pana, lakini pande zote mbili imesimamishwa majumba yenye ngazi za marumaru, nyua na bustani zilizopandishwa mlimani.

Kilichofuata hakina mfano mwingi duniani. Jamhuri haikuwa na kasri la kulaza wageni wa heshima. Mwaka 1576 Seneti iliagiza iandikwe orodha ya majumba ya watu binafsi, iliyoitwa rolli, yaliyopangwa kwa madaraja. Mgeni wa taifa alipokaribia, kura ilipigwa kati ya majumba ya daraja linalomfaa, na aliyeangukiwa alipaswa kumkaribisha. Papa au mfalme alikuwa na daraja lake, balozi na gavana yao. Kwa hiyo kila tajiri alijenga akijua kwamba siku moja mtawala wa nchi nyingine angepanda ngazi zake, na ngazi zikawa pana. Ukarimu ukawa sheria, na sheria ikazaa usanifu. Mchoraji Rubens aliyastaajabia majumba hayo hata mwaka 1622 akachapisha kitabu cha michoro yake, na umaarufu wao ukaenea kaskazini mwa Ulaya.

Wakati huo huo chini gatini mambo yalikuwa mengine. Mahamali wa forodha walikuwa na chama chao, Compagnia dei Caravana, chenye kanuni zilizoandikwa tangu 1340: nani abebe, alipwe nini, asaidiwe vipi akiugua. Na katika biashara ya bandari hiyo kulikuwa na kitambaa kigumu cha buluu. Waingereza walikiita kwa jina walilolisikia kwa Wafaransa, Gênes, yaani Genova, na jina hilo likazunguka dunia mpaka likatufikia tukiita suruali zetu jinzi. Katika Jumba la Makumbusho la Dayosisi yamo mapazia ya kitani ya karne ya 16, yamechorwa mateso ya Kristo kwa rangi nyeupe juu ya buluu hiyo. Buluu ile ile iliyovaliwa kazini ndiyo iliyotundikwa mbele ya waumini Wiki Takatifu.

Mfalme wa Hispania alishindwa kulipa madeni zaidi ya mara moja, na baada ya 1627 Wagenova hawakurudia tena nafasi yao ya awali. Majumba yalibaki, mapato yakapungua.

Mabomu, jiwe na uhuru uliopotea: 1684–1815

Mwaka 1684 Louis XIV wa Ufaransa, akiwa amekasirishwa na mji uliokuwa bado ukiisaidia Hispania, aliamuru manowari zake ziipige Genova. Maelfu ya mabomu yalianguka kwa siku kadhaa za mwezi Mei, na mtaa baada ya mtaa ukaungua. Nyumba ya utotoni mwa Colombo ilikuwa miongoni mwa zilizoangamia. Ile ndogo wanayooneshwa wageni leo karibu na Porta Soprana ilijengwa upya karne ya 18. Mwaka 1685 doge alilazimika kwenda Versailles kuomba radhi, ingawa sheria ya Genova ilimkataza doge kutoka nje ya mji. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa ni kitu gani kilichomshangaza zaidi katika kasri lile, alijibu kwa Kigenova: kujiona mimi hapa.

Mwaka 1746 mji ulikaliwa na Waaustria. Tarehe 5 Desemba, katika mtaa wa Portoria, askari waliwalazimisha watu kukwamua mzinga uliozama barabarani. Mvulana anayekumbukwa kwa jina la Balilla aliokota jiwe akarusha, na mji mzima ukainuka hadi Waaustria wakatoka. Ndio uliokuwa ushindi wa mwisho mkubwa wa jamhuri. Mwaka 1768 ilimkabidhi Mfaransa kisiwa cha Corsica. Mwaka 1797 Napoleon, mwana wa kisiwa hicho hicho, akaizima jamhuri. Mwaka 1815 Mkutano wa Vienna uliipa Genova kwa Mfalme wa Sardinia bila kuwauliza wenyewe.

Bandari ya wanaoondoka: 1815–1914

Mji uliopoteza dola yake uligeuka kuwa bandari ya nchi nyingine, na humo ukapata maisha mapya. Mwana wake Giuseppe Mazzini, aliyezaliwa 1805, alihubiri Italia moja. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Mei 1860 Garibaldi na wapiganaji wake wapatao elfu moja waliondoka Quarto, mashariki mwa mji, kwa meli mbili za mvuke za kampuni ya Rubattino ya Genova, kwenda kuikomboa Sicilia. Kampuni hiyo hiyo mwaka 1869, mwaka ambao Mfereji wa Suez ulifunguliwa, ilinunua kipande cha ardhi Assab, pwani ya Bahari ya Shamu. Serikali ya Italia ilikichukua baadaye, na kutoka hapo likaota koloni la Eritrea. Mlango uliofunguliwa kwa hati ya kampuni ya meli ulipitisha miongo ya utawala wa mabavu, na Afrika Mashariki haina budi kulikumbuka hilo inapoitazama bandari hii.

Meli zilikua, gati zikawa ndogo. Mwaka 1875 tajiri Raffaele De Ferrari, Duke wa Galliera, alitoa lira milioni 20 kupanua bandari. Mkewe, Maria Brignole-Sale, alikuwa tayari ametoa Palazzo Rosso, jumba la ukoo wake katika barabara ile ya wakopeshaji, pamoja na michoro yake, kuwa mali ya mji mwaka 1874. Hapo jumba la kulazia wafalme likawa jumba la kuingia mwananchi yeyote.

Lakini waliopita kwa wingi kwenye gati zile mpya hawakuwa matajiri. Walikuwa wakulima na vibarua wa Italia waliokosa ardhi na chakula, wakielekea Buenos Aires, São Paulo na New York. Walilala vichochoroni na kandokando ya gati wakisubiri meli, wakiwa na masanduku yaliyofungwa kamba. Kwa makumi ya miaka watu wasiohesabika waliiona Italia kwa mara ya mwisho kwa kuutazama Lanterna ukididimia.

Waliobaki walizikwa Staglieno, makaburi yaliyofunguliwa mwaka 1851 kwenye mteremko wa kaskazini mwa mji. Wafanyabiashara walijiagizia humo sanamu za marumaru zenye kila kifungo cha koti. Katikati yao amesimama mwanamke mmoja asiye wa tabaka lao, Caterina Campodonico. Alikuwa mchuuzi: alizunguka kwenye magulio na sikukuu za watakatifu akiuza njugu zilizotungwa uzini na mikate ya duara. Aliweka akiba maisha yake yote, na mwaka 1881 akamlipa mchongaji Lorenzo Orengo amchonge angali hai. Msogeleeni mumtazame. Shali yake ina matamvua yanayohesabika, sketi yake ina mikunjo ya kitambaa kizito, na mikononi ameshika bidhaa zake, njugu na mikate, kama anayemsubiri mteja. Hakujificha katika vazi la malkia. Alitaka akumbukwe kwa biashara yake, na katika makaburi yote yale ndiye anayetafutwa zaidi na wageni.

Kombora lisilolipuka: 1940–1945

Asubuhi ya tarehe 9 Februari 1941 manowari za Uingereza zilijitokeza kwenye ukungu na kuupiga mji. Zaidi ya watu 100 walikufa. Kombora moja zito lilitoboa ukuta wa San Lorenzo, likaingia mahali watu wanaposali, wala halikulipuka. Pembeni mwa kanisa hilo sasa limesimamishwa kombora la aina hiyo, refu kama mtoto, na juu yake maandishi ya kumshukuru Bikira Maria. Wanaokuja kwa ajili ya marumaru huishia kusimama mbele ya chuma.

Mwaka 1945 Wajerumani waliokuwa wakiushika mji walikuwa wametega mabomu bandarini. Wapiganaji wa msituni na wafanyakazi waliinuka, na jioni ya tarehe 25 Aprili Jenerali Günther Meinhold alitia saini kujisalimisha mbele ya Remo Scappini, mfanyakazi wa kiwanda, si mbele ya jeshi la Washirika. Bandari haikulipuliwa. Tuseme wazi: sehemu kubwa ya kile kinachotembelewa leo iliokolewa na watu ambao siku zote walikuwa wakiingia humo kwa ajili ya kibarua.

Ukuta unabomolewa: 1945–1992

Kilichoshindikana kwa mabomu nusura kifanywe na makontena. Kuanzia miaka ya 1960 mizigo ilianza kusafiri ndani ya masanduku ya chuma. Meli zikawa kubwa kupita kina cha bandari ya zamani, na kreni moja ikafanya kazi ya mamia ya mahamali. Shughuli zikahamia magharibi, baadaye hadi kwenye gati mpya za Voltri. Nyuma yalibaki maghala ya pamba yenye milango iliyofungwa na chuma kinachokula kutu. Mwaka 1965 barabara ya juu ya nguzo ilipitishwa kati ya vichochoro na maji. Tangu zamani uzio wa forodha ulikuwa umewazuia wakazi kuingia gatini bila ruhusa; sasa mji wa mabaharia ulikuwa na watoto waliokulia mita 200 kutoka baharini bila kuigusa.

Nafasi ya kugeuza mambo ilikuja na maadhimisho ya miaka 500 ya safari ya Colombo, mwaka 1992. Kazi alipewa Renzo Piano, msanifu aliyezaliwa Genova mwaka 1937. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa kutojenga maonyesho ya kubomolewa baada ya miezi mitatu. Alikarabati maghala, akaondoa uzio, akaurudisha mji kwenye maji yake. Katikati ya gati alisimamisha Bigo, mikono mirefu myeupe inayotanuka kama winchi za melini zilizokuwa zikishusha magunia, na kwenye mkono mmoja akaning'iniza chumba cha kuwapandisha wageni watazame mji. Kando yake likajengwa Akwariamu, refu na jembamba kama meli iliyofunga kamba gatini, mojawapo ya makubwa zaidi Ulaya. Ghala la pamba likawa kumbi za mikutano.

Kazi inayosimuliwa: baada ya 1992

Yaliyofuata yalikwenda kwa mfululizo. Mwaka 2004 Genova, pamoja na Lille ya Ufaransa, ilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, na katika karakana ya zamani ya merikebu za makasia lilifunguliwa Galata, jumba la makumbusho ya bahari. Ndani yake kuna merikebu nzima ya makasia iliyojengwa upya, na mgeni huona jinsi watumwa na wafungwa walivyofungwa minyororo kwenye mabenchi yao. Mwaka 2006 UNESCO iliandika majumba 42 ya rolli na barabara zake katika Urithi wa Dunia. Zipo siku maalumu kila mwaka ambapo milango yake hufunguliwa kwa umma. Kura iliyomletea tajiri mfalme mmoja sasa haihitajiki, sote tumeangukiwa.

Mji haukusahau kwamba uzuri hauzuii msiba. Tarehe 14 Agosti 2018 daraja la Morandi, lililobeba barabara kuu juu ya bonde la Polcevera, lilianguka mvua ikinyesha, likaua watu 43. Piano alichora daraja jipya, nalo likazinduliwa Agosti 2020. Wengi hulivuka haraka wakielekea bandarini. Wagenova hulivuka wakikumbuka.

Mwaka 2022 jengo la Commenda di Pré, lililoanzishwa mwaka 1180 kama hospitali na nyumba ya kulaza mahujaji waendao Nchi Takatifu, lilifunguliwa kuwa Jumba la Taifa la Makumbusho ya Uhamaji wa Waitalia. Nyumba iliyowapokea wapitaji wa karne ya 12 sasa inawasimulia wapitaji wa karne ya 19 na 20, wale wenye masanduku ya kamba. Hapo Genova ilifanya jambo ambalo miji mingi ya bandari hulikwepa: iliweka unyonge wa watu wake mbele ya wageni, kwa heshima ile ile iliyopewa majumba ya wakopeshaji.

Na Lanterna? Mgeni anaweza kupanda ngazi zake 172 mpaka kwenye roshani ya kwanza. Upande mmoja ataona vichochoro, upande mwingine makontena yakipakiwa. Juu ya roshani hiyo haruhusiwi kupita, kwa sababu taa haijastaafu. Usiku ukiingia, milango ya wageni hufungwa, na mnara hurudi kwenye kazi iliyoujenga: kumwonyesha nahodha usiyemjua mlango uko wapi.